Picha za mbio za farasi: zilikuwa za mabwana pekee?

Mwanafunzi, Jinja
Wapendwa, katika nyumba moja kongwe ya wageni hapa Jinja kuna picha za kuchapwa za farasi wa mashindano, wamenyoosha miguu yote minne hewani, na maandishi ya chini yanamtaja farasi na mmiliki wake. Je, huko Uingereza picha hizi zilikuwa za mabwana wenye ardhi pekee, au hata watu wa kawaida walizitundika?

Mzee wa Mbarara
Mwanangu, tenganisha mchoro wa asili na nakala zake. George Stubbs alipomchora farasi Whistlejacket, takriban mwaka 1762, aliyemwagiza alikuwa Marquess of Rockingham, na turubai lile lina kimo cha karibu mita 3, kwa hiyo lilihitaji jumba. Nakala, kwa upande wake, zilitokana na bamba la shaba lililochorwa kwa tindikali, zikachapwa kwa wingi, kisha nyingi zikapakwa rangi ya maji kwa mkono. Hivyo hata mwenye baa ya njiani aliweza kumtundika farasi ambaye asingemudu kumlisha. (Mwendo huo wa miguu yote minne iliyonyooshwa hewani, kwa njia, haupo, kamera ya mpiga picha Muybridge ilithibitisha hivyo mwaka 1878.)

Fundi wa fremu, Kampala
Nakubaliana na Mzee, ila bei kushuka hakukuondoa ngazi za kijamii. Angalia wanaotajwa: farasi, mmiliki, pengine na mpanda farasi, ilhali mtunza farasi aliyeshika hatamu kwa kawaida hana jina. Wachoraji wenyewe hawakuwa mabwana, J. F. Herring aliendesha magari ya farasi ya abiria kabla ya kuishi kwa brashi, na Stubbs alilazimika kumpeleka mahakamani Sir Henry Vane-Tempest, aliyekataa kumlipa kwa mchoro wa farasi wake Hambletonian. Heshima ya bwana ilionekana ukutani. Deni lake halikuonekana.

Mama Amina, Entebbe
Msisahau umati. Mchoro wa Frith wa siku ya Derby, mbio mashuhuri za farasi pale Epsom, Uingereza, ulioonyeshwa mwaka 1858, umejaa matajiri, ombaomba, wanasarakasi na walaghai, na farasi wenyewe hawaonekani sana. Watu walisongamana kuutazama hadi ukawekewa kizuizi. Nao ukachapwa nakala.

Mwanafunzi, soma mstari mdogo kabisa wa chini: sheria ya Uingereza ya mwaka 1735 ilidai jina la mwenye haki ya kuchapa na tarehe ya kutolewa. Lakini usiiamini tarehe hiyo peke yake, kwa kuwa nakala za baadaye huubeba mstari uleule.