Naomba ushauri: muvi za mashujaa wa Marvel tuanze na ipi?

Wakuu, habari za jioni. Niko Kirumba, Mwanza. Mpwa wangu wa darasa la sita kaja likizo, nikaenda kurushiwa muvi za Marvel kwenye flashi. Kumbe zimejipanga kwa alfabeti! Tukaangalia Endgame ya 2019 kabla ya Infinity War ya 2018. Dogo ananiuliza, "Anko, kwani hawa wanalia nini?" Nikajifanya napara magamba ya sato aliyekuwa kwenye beseni.

Sasa nataka tuanze upya. Najua kwa mwaka wa kutoka inatangulia Iron Man, 2008. Rafiki yangu anashikilia tufuate miaka ya hadithi yenyewe: kwanza Captain America ya 2011, maana kisa ni cha Vita Kuu ya Pili, halafu Captain Marvel, ya 1995 kihadithi japo imetoka 2019. Ila hiyo ina kipande katikati ya majina ya mwishoni kinachogusa yaliyotokea Infinity War. Si uhondo utaisha mapema?

Mliowahi kuangalia na watoto, mlifuata mpangilio upi? Na Black Widow ya 2021 niirudishe nyuma kufuata hadithi, baada ya muvi ya Civil War, au niiache mwishoni? Likizo imebaki wiki mbili.