Dogo kavunjika mbavu 3, kile kidude cha vipira hakipandi kabisa, msaada wakuu

Wakuu habari za saa hizi. Mdogo wangu alipata ajali ya boda pale Tabata Jumatano iliyopita, mbavu 3 za kushoto zimevunjika. Kabla ya kuruhusiwa walimpulizisha ile mashine ya kupima mapafu, wakampa na kidude cha plastiki chenye vipira vitatu aende nacho nyumbani. Sasa huku anapuliza mpaka mishipa ya shingo inamtoka na vipira havinyanyuki hata kidogo, jana kakitupia uvunguni kasema hataki kukiona. Bi mkubwa naye kamkaza kitenge kifuani eti mbavu ziunge. Au mapafu ndo yameisha?

FizioWaTemeke:
Mkuu hicho hakipulizwi, KINAVUTWA 😂 Ile ya hospitali ndo unapuliza kwa nguvu zote wanaona umetoa hewa kiasi gani, hiki ni cha mazoezi. Akae wima, atoe pumzi, abane midomo kwenye mrija avute taratibu kama anakunywa dafu, vipira vikipanda avishikilie sekunde 3 hivi. Mara 10 kila saa akiwa macho, ila apumzike katikati asije akapata kizunguzungu. Dawa ya maumivu ameze mapema, akiwa anaumwa hawezi kuvuta. Na hizo 600, 900, 1200 zilizoandikwa ni kasi ya hewa, mililita kwa sekunde, sio ukubwa wa mapafu, msianze kumpigia hesabu. Kitenge toeni leo leo, kifua kikibanwa anapumua juujuu, makohozi yanabaki ndani, nimonia hiyo inakuja.

mzee_wa_kijiwe:
Mi nilivunjika 2, wiki nzima kilipanda kimoja tu. Kukohoa ndo mtihani, akumbatie mto pale panapouma akohoe, asijizuie.

Mleta uzi:
Duh kumbe! Kavuta, kimoja kimepanda, anacheka huku kashika mbavu. Kitenge bi mkubwa kagoma, anauliza sisi tumesomea wapi.

FizioWaTemeke:
Mwambie ni mambo ya zamani hayo, hata sisi hospitali tulikuwa tunafunga, tukaacha. Halafu akipata homa, makohozi ya rangi au akahema ilhali kakaa tu, hospitali usiku huohuo, msisubiri asubuhi.

Mleta uzi:
Kimefunguliwa wakuu, ila kwa sharti kwamba yeye bi mkubwa ndo ahesabu hizo kumi. Ameshavuka kumi na tano huko, dogo anaomba poo.