Wakili wa wosia kala laki sita za mzee, halafu mashahidi katuweka sisi warithi!!

Wakuu salama? Mimi sio salama. Mods msiunganishe huu uzi na nyuzi zingine za mirathi, acheni niteme nyongo kwanza.

Mwaka juzi mzee alianza kusumbuliwa na figo, akaniita akasema nataka niandike wosia nisiwaachie ugomvi. Mali zenyewe nyumba moja Mbagala na kiwanja Mkuranga, basi. Mimi mjanja wa mjini nikamuuliza dogo wa bodaboda kijiweni wakili mzuri nani, akanipeleka kwenye ofisi moja ghorofa ya pili, kibao kikubwa mlangoni, suti, AC inanguruma, nikaona hapa ndio penyewe. Yaani fundi friji namuulizia kwa watu watatu, mtu wa kushika mali za mzee wangu nikamuulizia kwa bodaboda.

Laki sita keshi, risiti "utaipata kesho", mpaka leo. Wosia wenyewe kurasa tatu, ukurasa wa pili kuna jina la mzee mwingine kabisa na shamba lake la Kibaha, nikamwonyesha akacheka akakata kwa peni eti kosa la sekretari. Mashahidi je? "Si nyie hapa, sainini." Tukasaini mimi na dada, warithi wenyewe!! Bi mkubwa alikuwa nyumbani anapika, hata hakuitwa.

Mzee kafariki mwaka huu, arobaini haijaisha vizuri baba mdogo kaweka pingamizi. Tukaenda Temeke pale Kituo Jumuishi, mahakama ya mirathi na mambo ya familia, hakimu akauliza mashahidi wa huu wosia nani na nani, nikanyoosha kidole mwenyewe kama mtoto wa shule. Wosia ukapigwa chini. Sasa tunahesabiwa kama mzee hakuacha neno lolote, turudi tukafanye kikao cha ukoo, na mkubwa wa ukoo ni nani? Baba mdogo yuleyule.

Ndio nikaanza kusoma kichwa kikiwa kimeshapasuka. Kumbe sheria ya mila ipo tangu 1963, ile GN 436 (tangazo la serikali), imeandika kabisa mashahidi wajue kusoma na kuandika, mmoja wa ukoo na mwingine mtu baki, na mke aliyepo nyumbani naye ashuhudie. Mtu anayejiita wakili hajui hilo?? Nikaingia e-Wakili, ule mfumo wa Mahakama mtandaoni wa kuhakiki mawakili, kutafuta jina lake, halipo. Nikatafuta jina la kwenye muhuri, lipo, ila picha ni ya mtu mwingine kabisa. Kishoka wakuu, kishoka mwenye AC!

Na RITA, wakala wa serikali wa vizazi, vifo na udhamini, wapo siku zote hizo, wanaandika wosia na kuutunza, mimi nilijua kazi yao vyeti vya kuzaliwa tu.

Juzi huyo kishoka kapokea simu baada ya wiki tatu za kunisoma bila kujibu, anasema nimpelekee laki tatu "afufue faili". Nimemwambia nakuja, ila nakuja na askari, akakata, sasa namba haipatikani.

Mwenye kumjua wakili wa mirathi wa kweli maeneo ya Temeke aje PM, kikao cha ukoo Jumamosi ijayo. Na msichukie, jina mtakalonipa naanza nalo e-Wakili kabla hata sijapiga simu.