Mpini wa kisu cha samaki: saipresi, paini, podo au mtarakwa?

Fundi_Njoro: Ndugu mafundi, nimeagizwa visu vya kupasulia samaki na wachuuzi wa Kisumu, ambao wanataka mpini mwepesi wa mbao laini kwa sababu kisu hicho hakitoki mkononi tangu asubuhi. Ninazo saipresi kutoka Elburgon, paini, podo kidogo, na vipande vya nguzo kuukuu za ua za mtarakwa. Ipi itavumilia maji ya kila siku, na niimalizie kwa mafuta gani?

Mhunzi_Kibuye: Paini iache kabisa. Msasa hula sehemu laini ya kila pete na kuiacha ile ngumu imeinuka, halafu jua likiwaka utomvu hutoka na kunata kiganjani. Podo inapendeza macho kwa rangi yake iliyo sawasawa, lakini hushikwa upesi na ukungu na kuoza. Ifanyie kisu cha mkate. Mimi ningechukua mtarakwa, tena kiini chekundu pekee, kutoka sehemu ya nguzo iliyokuwa juu ya ardhi. Mti huo haukuchaguliwa bure kwa nyua za mashamba: mchwa na uozo huushinda kwa shida sana.

Seremala_Nakuru: Kuhusu paini ninakubaliana nawe, mhunzi, ila mtarakwa hupasuka kwa urahisi kufuata nyuzi zake, na ribiti, yaani pini ya kushikiza mpini, ikigongwa hutanuka ndani ya tundu na kuupasua mpini. Saipresi iliyokauka vizuri, isiyo na macho (alama ngumu za matawi), ni salama zaidi.

Mhunzi_Kibuye: Hupasuka kwa sababu ya kugonga, fundi. Toboa tundu pana kidogo kuliko pini ya shaba, jaza gundi ya epoksi, ubane kwa jiriwa bila kukaza mno, uache hadi kesho yake. Nyundo haina kazi hapo.

Seremala_Nakuru: Kwa njia hiyo sina pingamizi.

Binti_Fundi: Naongezea umaliziaji, kwa kuwa hapo ndipo mipini mingi huharibika. Piga msasa nambari 120, kisha 240, halafu ufute mpini kwa kitambaa chenye unyevu: utaona vinyweleo vya mbao vimesimama. Ukikauka, vipunguze kwa 400, la sivyo vitasimama siku ya kwanza mchuuzi atakapoosha kisu. Vanishi siipendekezi, maana hubambuka pale kiganja kinaposugua. Tumia mafuta mabichi ya kitani, yasiyotiwa kemikali za kuharakisha kukauka, kwa kuwa kisu kinagusa chakula. Paka kidogo, ufute yanayobaki juu, na usubiri siku kadhaa kabla ya kurudia. Ncha za mpini, ambako nyuzi zimekatwa, hunywa maji kuliko ubavu, kwa hiyo ziendelee kupewa mafuta mpaka zikatae, kisha upake nta ya nyuki. Vitambaa vya mafuta hayo usivifinyange pamoja na kuvitupa kwenye takataka za karakana, kwani mafuta yanapokauka hutoa joto na vinaweza kuwaka vyenyewe. Vitandaze nje kimoja kimoja.

Fundi_Njoro: Je, nta irudiwe baada ya muda gani?

Binti_Fundi: Mwambie mchuuzi aangalie tone la maji: likisambaa na kunyweka badala ya kuteleza, apake tena.