MREJESHO: Sisilia ya mjomba imevunjika

Wakuu, niliomba ushauri hapa: kila nikianza kwa kusukuma askari hadi e4 kwenye sataranji (herufi na namba hutaja mraba wa ubao), mjomba anajibu askari c5, ufunguzi uitwao Sisilia, na ananibana hadi mwisho. Wengi mlinielekeza kwenye gambiti ya Smith-Morra, yaani kumtoa askari makusudi ili kete zangu zitoke haraka. Jumapili nilishika vyeupe.

Nikasukuma d4, akala. Nikaweka c3, akala tena, farasi wangu akamla askari huyo. Akatoa farasi c6, mimi wangu wa pili f3. Akaweka d6, askofu wangu akaja c4, naye akatoa farasi f6. Hapo nikasukuma e5! Farasi wake kuruka g4 kungemsaidia, lakini mjomba alimla askari wangu palepale kwa askari wake wa d6. Malkia wakaliana d8, farasi wangu akaruka b5 akitishia c7, yaani mfalme na ngome kwa pigo moja. Ngome ikakimbilia b8. Farasi wa pili akala e5, mjomba akajikinga kwa e6. Farasi c7, cheki, yaani mfalme kashambuliwa. Mfalme hana njia ila e7.

Askofu wa pili akatua e3. Mjomba alimtazama sana askari wake wa a7, akaona ndiye ninayemtaka, akamsogeza a6.

Askofu c5, mati! Mfalme kazibwa na kete zake mwenyewe. Mikono ilikuwa inanitetemeka.

"Rudisha nyuma, mpwa wangu, nione tena." Tulirudia mara tatu.

Asanteni mno. Sasa, asipokula c3 akasukuma d3, mnaendeleaje?