Nyumba ya Mtaa wa Sikukuu (kikundi cha ukoo)

Idi: Assalaam alaykum ukoo. Nimeanza kutoa vitu chumba cha uani, kile cha marehemu babu, kabla nyumba haijavunjwa kupisha ghorofa. Chini ya kitanda kuna sanduku la bati, limejaa santuri. Picha hizo hapo.

Nasra: Wa alaykum salaam. Shikamoo mjomba. Santuri ndiyo hizi sahani nyeusi?

Idi: Marahaba. Ndizo. Baadhi zimepinda kwa joto, nyingi nzima kabisa.

Mama Hamza: Fundi kasema Jumamosi anaezua bati. Tafadhali msianze kukaa chini kusoma santuri moja moja.

Babu Mdogo: MSITUPE KITU. NAKUJA

Hamza: 😂😂 Temeke nzima imesikia

Mama Hamza: Baba mdogo, herufi kubwa zimewaka tena.

Babu Mdogo: Nimezizima. Idi, nisomee lebo.

Idi: Western Jazz tatu. Kilwa Jazz. Morogoro Jazz ndiyo nyingi. Dar es Salaam Jazz iko moja, imemeguka pembeni. Halafu kuna picha, wanaume wamevaa suti nyeupe na tai za kipepeo, mmoja ameshika saksafoni. Babu amesimama mwisho kabisa, mikono mitupu.

Nasra: Babu alikuwa mwanamuziki?? Mbona hatukuambiwa

Babu Mdogo: Hakuwahi kupiga hata manyanga. Alikuwa mwanachama. Ngoja nifike kwenye kivuli niandike vizuri, hapa jua linaniua.

Hamza: Nimetafuta mtandaoni. Santuri za bendi za zamani za hapa kuna wazungu wananunua kwa dola. Sahani moja tu mtu unalipa umeme mwezi mzima.

Mama Hamza: Basi ziuzwe. Gari la kuhamisha makabati nani analipa?

Shangazi Zuhura: We mama Hamza wewe. Sanduku la mkwe wako hata vumbi halijafutwa.

Mama Hamza: Wifi, mimi nasema ukweli tu.

Babu Mdogo: Nimefika kivulini. Sikilizeni. Kaka alishuka stesheni ya reli akitokea Nzega, hana ndugu hata mmoja mjini. Mwaka 1959 kina Iddi Nhende, Wanyamwezi wenzetu, wakaanzisha Western Jazz. Jina lenyewe linakwambia ni watu wa magharibi. Wakilwa nao walikuwa na yao tangu 1958, ya Ahmed Kipande. Kariakoo ile mtu ukitaka kujua anatoka wapi unamuuliza anacheza bendi gani. Kaka alikwenda mazoezini kusikiliza Kinyamwezi tu, muziki ulikuja baadaye. Watu aliowakuta pale ndio waliomtafutia chumba, chumba kikampatia kazi bandarini, na alipofiwa na mtoto wake wa kwanza ndio waliochimba kaburi. Alibeba spika zao Jumamosi nyingi bila malipo. Ndiyo maana yuko kwenye picha na mikono mitupu.

Nasra: 🥹

Hamza: Kumbe spika boi

Babu Mdogo: Spika boi ni baba yako. Mtindo wa Western uliitwa Saboso. Siku hizo bendi haina mtindo wake haiendi mjini. Na ya zamani kuliko zote hapo sandukuni ni hiyo iliyomeguka. Dar Jazz imeanza 1932, Mwingereza yuko bado.

Shangazi Zuhura: Haya, mmeshaongea wanaume. Mama yenu kwenye dansi hakukanyaga, lakini alikuwa na chama chake cha ngoma, sare zao za kanga naziona hadi leo. Na mkitaka historia, Bibi Titi kabla hajawa wa siasa alikuwa mwimbaji wa ngoma ya Bomba hapa hapa Dar. Mwaka 1955 TANU ilipotaka wanawake alipita kwenye vyama vya ngoma kimoja kimoja, maana wanawake walishajipanga, wana viongozi na wana michango. Santuri zao ziko wapi? Hakuna aliyewarekodi.

Idi: Hilo kweli shangazi.

Shangazi Zuhura: Najua ni kweli.

Nasra: Mjomba, nyimbo hizi si zipo redioni? Radio Tanzania (RTD) si walirekodi kila bendi?

Idi: Walirekodi studio yao pale Pugu Road, na kanda wanazo TBC. Santuri ni habari nyingine. Hapa nchini hatukuwa na kiwanda cha kuzichapa, nyingi zilifanyiwa Nairobi. Mpaka wetu na Kenya ulipofungwa 1977 njia ile ikakatika, watu wakabaki na redio na kanda. Kwa hiyo wimbo wa kwenye sahani unaweza usiwe ule ule wa kanda, ni siku nyingine na gitaa jingine. Mimi kabla ya kuuza hata moja nataka zote ziingizwe kwenye kompyuta.

Hamza: Hapo nakubali. Kwanza tunakopi, habari ya bei baadaye.

Mama Hamza: Mkikopi na mimi nitumiwe. Kuna Sikinde?

Babu Mdogo: Hakuna na haitakuwepo. Nyumba hii ni Msondo, bendi ya NUTA.

Mama Hamza: Msondo ya nani? Gurumo mwenyewe, mwimbaji wenu, alikuja Sikinde yetu, Mlimani Park, 1978.

Babu Mdogo: Na alirudi! Alianza NUTA 1964, akaja huko kwenu kutembea, akarudi kwao. Bendi imebadilishwa jina NUTA, JUWATA, OTTU, na watu ni wale wale. Halafu NUTA, chama cha wafanyakazi, ndiyo iliyowafanya wanamuziki waajiriwa, mshahara mwisho wa mwezi kama karani.

Mama Hamza: Ndiyo maana walilala. Sisi enzi hizo ukumbi wa DDC Kariakoo Jumapili hakukuwa na pa kuweka mguu. Bitchuka akifungua mdomo hata mhudumu alikuwa anaweka sinia chini.

Hamza: Hii ni Simba na Yanga kabisa

Shangazi Zuhura: Mbaya zaidi. Mpira una dakika tisini.

Nasra: 😂 Mimi naomba kuuliza kitu serious. Ghorofa likishaisha na sisi tukapewa flati zetu, baraza itakuwa wapi?

Idi: Kwenye ramani hakuna baraza. Chini ni fremu za maduka zote.

Babu Mdogo: Jirani pale kwenye kona kajengewa ghorofa saba. Juzi mpangaji wa juu kafiwa, wa chini yake wamefungulia muziki hadi usiku. Si ubaya wao, hawakujua. Zamani kilio kikianza uani kwetu, mitaa miwili mbele bendi inanyamaza.

Mama Hamza: Baba mdogo, na bomba moja watu wa vyumba sita, hilo hulikumbuki? Mimi nataka bafu langu.

Babu Mdogo: Bafu utapata mwanangu. Sijakataa ghorofa.

Idi: Tumalizane. Sanduku nalipeleka kwangu leo. Gramafoni ya babu ipo lakini mkanda umekatika na sindano sina. Nani anajua fundi?

Hamza: Kuna mzee anatengeneza redio Gerezani, huyo lazima anayo. Kesho napita.

Shangazi Zuhura: Sahani zisimame wima, msizilaze. Na msifute kwa Jik, nawajua.

Nasra: Picha ya suti nyeupe naomba nisafishiwe kopi. Babu Mdogo utaniandikia majina nyuma?

Babu Mdogo: Ninaowakumbuka. Njoo na kahawa na kashata.

Mama Hamza: Na yule mpangaji wa chumba cha mbele kaondoka na majiko yangu mawili na sufuria la pilau. Nani anaongea naye?

Idi: 🙈

Hamza: Babu mwandikie wewe, kwa herufi kubwa.