Bango "Mzee Kwanza" liko ukutani, mzee mwenyewe yuko foleni ya nne: huu ni uzi wa malalamiko

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu na una hasira, mwenye haraka apite.

Kila tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, ni wimbo uleule. Hema linapigwa, fulana zinagawiwa, mgeni rasmi anachelewa, wazee waliofika saa mbili asubuhi wanakula wali saa kumi jioni, na tunaambiwa wao ni hazina. Kesho yake mzee yuleyule anarudi kwenye zahanati ileile kuambiwa dawa ya presha imekwisha. Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ilitoka mwaka 2003. Ilishasema mzee ni mwenye miaka 60 na kuendelea, ikasema asiye na uwezo atibiwe bure. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo leo ana ndevu na anaendesha bodaboda. Sisi bado tunajadili nani ana kadi ya matibabu bure na nani hana.

Tuanze na hiyo kadi. Katika halmashauri nyingi mlolongo uko hivi: mzee anatambuliwa na mwenyekiti wa mtaa au kijiji, mtendaji anaandika jina, anapeleka picha mbili za pasipoti na kitu cha kuonyesha umri, orodha inapanda kata, inapanda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, kisha kadi zinachapishwa na kushuka njia ileile. Kwenye karatasi ni hatua tano. Kwa mtu mwenye magoti mabovu ni bodaboda tano, na tuseme kila moja ni 2,000 kwenda na 2,000 kurudi: 20,000 zimeondoka ili upate kadi ya kukuokolea pesa.

Na inakwama wapi? Kwanza kwenye jina. Kitambulisho cha taifa cha NIDA kimeandikwa Mwanaidi, kadi ya mpiga kura imeandikwa Mwanahidi, na karani anakataa zote mbili. Pili kwenye mwaka wa kuzaliwa. Wazee wengi hawakuwahi kuwa na cheti, umri ulikadiriwa dirishani, ndiyo maana tunao wengi "waliozaliwa" tarehe 1 Januari au 1 Julai. Karani aliyekupunguzia miaka minne kwa kukuona bado una nguvu, amekupunguzia miaka minne ya matibabu. Hapo dawa ni kiapo mbele ya hakimu au wakili, pamoja na ushahidi wa wazee wenzake kupitia baraza la wazee la mtaa. Nani anamwambia hilo? Hakuna. Anaambiwa "rudi na vielelezo". Tatu, na hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote: kadi zilizokwisha kuchapishwa zinalala kwenye boksi ofisi ya kata, kwa sababu kugawa si kazi ya mtu yeyote.

Hili linamalizika kwa asubuhi moja. Meza moja ofisi ya mtaa, wakae mtendaji, afisa ustawi na wajumbe wawili wa baraza la wazee. Shuka jeupe ukutani, simu yenye kamera nzuri, picha zinapigwa palepale. Asiyeweza kutoka kitandani, mjumbe wa shina anamjua na nyumba anaijua. Wajumbe hawa wakati wa kampeni wanajua hata nani amelala bila kula.

Sasa hospitali. Nasema mapema, sina ugomvi na manesi, wengi wanafanya kazi ya watu watatu. Ugomvi wangu ni na aliyepanga dirisha la wazee bila kufikiri.

Hesabu foleni kwenye kituo cha afya cha kawaida: ya kuandikisha, ya daktari, ya maabara, ya dawa. Bango la kumpa mzee kipaumbele liko kwenye ya kwanza tu. Mzee anapita mbele dirishani kwa makofi, halafu anawekwa benchi moja na kina mama wenye watoto wanaoharisha, na hapo hana kipaumbele tena maana mtoto mgonjwa naye ana haki yake. Amewahi kuandikishwa saa moja na nusu, anaondoka saa nane. Tiba yake ni ndogo mno: karatasi ya mzee iwekewe alama ya rangi moja inayojulikana kila chumba, na mhudumu mmoja wa zamu aibebe hiyo karatasi kutoka chumba hadi chumba. Mzee akae sehemu moja, kitembee kikaratasi.

Halafu kuna hili la kisukari ambalo watu wanalichukulia kirahisi. Mzee anaambiwa aje bila kula ili apimwe sukari ya asubuhi. Sawa, kipimo hicho kinataka angalau saa nane bila chakula. Lakini hakuna aliyemwambia asimeze vidonge vyake kabla ya kuja. Kameza glibenclamide, kidonge cha kushusha sukari, alfajiri kama kawaida yake, kaja tumbo tupu, kakaa foleni ya maabara mpaka saa tano. Sukari inashuka. Anatoka jasho jembamba, mikono inatetemeka, anaanza kujibu maswali kombo, na watu benchini wanasema "uzee huo, kachoka". Siyo uzee! Huyo anatakiwa apewe kitu cha sukari sasa hivi kama bado anameza vizuri, soda ya kawaida nusu chupa au maji yenye vijiko vitatu vya sukari, na nesi aitwe mbio. Wagonjwa wa kupimwa bila kula wawe wa kwanza maabara kabla ya saa mbili na nusu, waambiwe waje na vidonge mfukoni pamoja na chakula cha kula baada ya kipimo. Haihitaji bajeti, inahitaji sentensi moja kwenye kadi ya kliniki.

Presha nayo inapimwa vibaya. Mzee katoka kupanda ngazi, anapumua juu juu, mkono unaning'inia, nguo imekunjwa juu ya bega imembana, mtu anabonyeza mashine. Inatoka 178 juu, anaongezewa dawa, baada ya wiki anaanguka chooni kwa kizunguzungu. Akae dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, miguu yote miwili chini, mkono umelala mezani usawa wa moyo, asiongee. Kwa mzee nashauri apimwe tena akisimama, maana wengi presha inashuka wakiinuka, na huko ndiko wanakovunjikia nyonga.

Dawa. "Nenda kanunue nje." Mzee mwenye kadi ya matibabu bure anaandikiwa amlodipine ya presha, dirishani haipo, anaelekezwa duka la dawa ng'ambo ya barabara. Zikiwapo, anapewa za siku saba ili zitoshe watu wote. Kwa nia njema, najua, ila ugonjwa wa kudumu hauishi siku saba. Maana yake aje mara nne kwa mwezi, foleni nne kila mara, jumla foleni kumi na sita kwa vidonge ishirini na nane. Anakuja mara mbili, anaacha, anarudi amepooza upande mmoja. Kituo kinajua wazee wake wa kliniki ni wangapi, daftari lipo. Wakiwa 60 na kila mmoja anameza kimoja kwa siku, ni vidonge 1,800 kwa mwezi. Hiyo ndiyo namba ya kuandika kwenye oda ya Bohari ya Dawa, badala ya kunakili ya robo iliyopita.

Majengo nisiyaguse sana, nitapata presha mimi. Ila ramp, jamani. Fundi anajaza zege kwenye ngazi tatu, anapata mteremko kama wa kushushia ng'ombe, anaita njia ya wenye viti mwendo. Kipimo ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita moja ya kimo, sentimita kumi na mbili za urefu. Ngazi tatu za sentimita 15 ni 45, kwa hiyo njia inatakiwa iwe na urefu wa mita 5.4. Za kwetu nyingi hazifiki mita mbili. Choo ni cha kuchuchumaa, hakuna hata bomba la kushikilia ukutani. Kipande cha bomba la chuma la mita moja, kimo cha sentimita 75 hivi, boliti nne. Basi.

Upande wa pesa, wakuu, tazameni hii asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya vikundi. Wanawake 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2. Wazee hawamo. Bibi anaweza kujipenyeza kwenye kikundi cha wanawake, babu asiye na ulemavu hana mlango kabisa. Mtu wa miaka 63 anayefuga kuku mia au anayeshona viatu ni nani kwenye sheria hii? Na wanaosema "TASAF ipo" wanachanganya mambo. Ule ni mpango wa kaya maskini, kaya inaingia kwa umaskini wake, haiingii kwa sababu ina mzee. Wenzetu Zanzibar tangu Aprili 2016 wanalipa pensheni jamii kwa kila mwenye miaka 70 na kuendelea, ilianza na 20,000 kwa mwezi na sasa ni 50,000. Mwaka 2020 wakatunga na sheria ya wazee. Si pesa ya kujengea ghorofa, lakini inajua siku ya kuja.

Nije kwenye lile ambalo watu wanaliona dogo: wazee wakae wapi, wafanye nini. Viwanja vya wazi vimejengwa fremu, miti imekatwa, kijiwe cha kahawa kimefukuzwa barabarani. Mabaraza ya wazee yapo kwenye makaratasi, yanaitwa kupokea Mwenge na kumuombea mgombea, baada ya hapo hayana hata benchi.

Kukusanya wazee ishirini mara moja kwa wiki hakuhitaji mfadhili. Ukumbi wa ofisi ya mtaa asubuhi ya Jumatano mara nyingi uko tupu. Siku iwe moja isiyobadilika, saa tatu hadi saa tano, kabla jua halijakaza. Mabenchi yawe na egemeo na kimo cha sentimita 45, maana kwenye vile vibenchi vifupi mzee anakaa mwenyewe ila kunyanyuka mpaka avutwe na watu wawili. Bao mbili: mashimo 32 kila moja, kete 64, na komwe, zile mbegu za kuchezea, zinazidi kuwa adimu mjini, kwa hiyo ziwekwe kwenye mfuko wenye kamba na mtu mmoja awe mtunzaji, zikipungua tatu mchezo umekufa. Uji lita sita, unga robo tatu kilo, sukari iwekwe pembeni kila mtu ajiamulie. Nesi wa zahanati akija mara moja kwa mwezi na mashine yake ya presha, umeshapunguza foleni kule.

Vikundi vingi vya namna hii vinakufa mwezi wa pili, na sababu huwa ni mbili. Ya kwanza, vinageuka vya wanaume. Bao, kahawa, siasa, na kina bibi wanabaki nyumbani. Wekeni ukili na mikeka, na hesabu ya mchezo wao wa kuweka na kukopa ifanyike palepale. Ya pili hakuna anayeitaja: bibi ana mjukuu wa miaka mitatu mgongoni, mama wa mtoto yuko kazini mjini. Ukimwambia aje bila mtoto umemwambia asije. Tandikeni mkeka mmoja wa watoto, mpira mmoja, binti mmoja wa kuwaangalia apewe hata elfu tatu.

Na wanaoandika barua ya kuomba bajeti mwezi Juni, mmechelewa. Mwaka wa fedha unaanza Julai, maombi ya mitaa na vijiji yanakusanywa miezi mingi kabla. Hoja iingie kwenye mkutano wa mtaa kufikia Oktoba, iandikwe kwenye muhtasari kwa namba na kiasi, kisha mumfuatilie diwani kwenye kamati ya maendeleo ya kata. Ikiandikwa "kuwasaidia wazee" itakatwa. Ikiandikwa "mabenchi 6, bomba za choo 2, kuchapisha kadi 140" anayekata itabidi aseme anakata nini.

NYONGEZA 1: Kwa anayesema bima ya afya kwa wote itamaliza haya. Bima inalipia dawa, haiipandishi rafuni. Na huyo mzee bado atatakiwa kutambuliwa na mtendaji yuleyule.

NYONGEZA 2: Kuna aliyeuliza kuhusu wazee wanaokataliwa na mashine ya alama za vidole kwenye kusajili laini ya simu. Mikono iliyoshika jembe miaka arobaini mistari yake imelika. Anawe kwa maji ya vuguvugu, apake mafuta kidogo, afute, ajaribu vidole vyote kumi, siyo dole gumba peke yake. Ikigoma kabisa wengi wanasajili kwa jina la mjukuu, na hapo ndipo pesa zinapoanza kupotea. Mkilazimika, basi namba ya siri abaki nayo mzee, na meseji za muamala asome mtu mwingine asiyeishi na huyo mjukuu.

NYONGEZA 3: Mkuu uliyesema "wazee walelewe na watoto wao", soma tena uzi. Mtoto ndiye anayemleta huyo mzee kliniki mara nne kwa mwezi, na mwajiri wake ameshamwandikia barua.